Tanuru la oili chafu linanitoa jasho, naombeni ushauri

Kijana wa Mrombo: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nayeyusha alumini chakavu natengeneza masufuria, hapa hapa Arusha. Mkaa umepanda bei, nikahamia oili chafu ya gereji: pampu inasukuma, nozeli inapuliza, bloa inaleta upepo. Shida haiungui yote. Matone yanafika ukutani yakiwa bado mabichi, tanuru linajaa utando mweusi, na kwa moshi ule majirani wameshaanza kununa. Nimewaza nifunge bamba la chuma karibu na nozeli, liwe jekundu, mionzi ya joto iyageuze matone kuwa mvuke kabla hayajashika moto. Itasaidia? Sina raha kabisa.

Mangi wa Kibosho: Oili ya nini, kaka? Mimi matofali nachoma kwa maganda ya kahawa. Ila usiulize yaliyonikuta mvua ilipoingia kwenye tanuru zima likiwa linawaka. Mama watoto alirudi kwao Machame, akasema ananisubiri nitafute kazi ya maana. Tofali zenyewe zilitoka kama mkate wa jana.

Mama Ngaramtoni: Mnapata pesa, watoto wa jirani wanapata kifua. Oili ya gereji ina mabaki ya vyuma vya injini, unajua hilo mwanangu? Halafu watu wapikie wali kwenye masufuria hayo.

Fundi Mitambo: Alumini yake inayeyuka nyuzi 660, mama, tatizo ni moshi. Mleta mada, bamba halitakusaidia sana. Tone dogo, tuseme la mikroni 50, yaani sehemu ya 20 ya milimita, linaacha mionzi mingi ipite bila kuinasa. Oili chafu ina masizi, kwa hiyo inanasa zaidi ya dizeli safi, lakini kwa tone la namna hiyo kazi kubwa ya kulikausha inafanywa na hewa moto inayolizunguka. Mionzi inayanufaisha zaidi matone makubwa, na hayo ndiyo yanayokupakaa ukutani. Basi yapunguze. Kipenyo kikishuka nusu, muda wa tone kuisha unashuka hadi kama robo. Chuja oili, iache itulie, toa maji ya chini, halafu ipashe nyuzi 70 hadi 90 kwa hita ya umeme yenye kidhibiti. Itakuwa nyepesi na nozeli itaipasua vizuri. Maji usiyaache, kwa mwinuko wetu huu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, yatakutemea kwenye bomba.
Hiyo oili ni tupu au umechanganya kitu? Na tenki liko wapi?

Kijana wa Mrombo: Asante mkuu. Lakini mimi nimeuliza bamba.

Konda wa Sakina: Ukiona hajibu ujue tenki liko uvunguni mwa kitanda 😂

Fundi Mitambo: Nauliza mara ya pili.

Kijana wa Mrombo: Sawa. Natia petroli iwe nyepesi, kama robo. Tenki nimelipandisha juu ya tanuru ili mafuta yashuke yenyewe, pampu isihangaike. Nimelikinga na bati. Bamba nalo nimeshamlipa mchomeleaji, kwa hiyo msiniambie niache, niambieni nilifunge umbali gani.

Fundi Mitambo: Zima tanuru. Sitanii. Petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka, na chini yake umeweka moto. Mionzi unayoitafuta kwenye bamba tayari inalipiga tenki lako. Bati likishapata moto nalo linatoa mionzi yake.

Msomi wa Pasua: Chai hii. Fundi wa masufuria gani anasema "mionzi ya joto"? Huyu ni mwanafunzi, kapewa swali la matone na mionzi, anatutumia tumfanyie kazi. Wa Mrombo tunawajua, wangesema "joto la tanuru" basi.

Konda wa Sakina: Nilijua! Mwalimu wake yumo humu anasahihisha.

Mangi wa Kibosho: Na mimi nimeshamwaga siri za nyumbani kwangu kwa ajili ya mtihani wa mtu.

Mama Ngaramtoni: Fundi akisoma kidogo imekuwa kosa? Mwanangu, wajibu: ule uchafu unaoelea juu ya alumini unautoaje?

Kijana wa Mrombo: Natupia chumvi, nakoroga, takataka zinajitenga, naziondoa kwa upawa wa chuma uliokaushwa. Upawa ukiwa na maji alumini inaruka, nina kovu mkononi. Form four nilimaliza, fizikia nilipata C. Mmeridhika?

Msomi wa Pasua: Hayo yote yako YouTube.

Fundi Mitambo: La chumvi umejibu chap. La tenki bado.

Kijana wa Mrombo: Wateja wa Jumamosi wameshalipa nusu, mkuu. Nikimaliza oda hii nalishusha.

Fundi Mitambo: Lishushe leo, liweke nje mbali na moto, na usiongeze petroli humo.

Konda wa Sakina: Samahani nje ya mada, sufuria ya kupikia ugali wa watu kumi unauzaje?