Bangi Ujerumani: sheria imelegezwa, je, jamii nayo?

Swali
Wakuu, naombeni ufafanuzi. Vijana wanaojiandaa kwenda kusomea uuguzi Ujerumani wanaambiana kwamba bangi kule sasa ni kama bia: unanunua dukani, unavuta popote, na hakuna anayekutazama vibaya. Ukweli ni upi?

Jibu 1
Mkuu, habari ya dukani si kweli. Sheria iliyoanza 1 Aprili 2024 haikuruhusu maduka ya kuuza bangi ya starehe. Mwenye miaka 18 na zaidi anaweza kutembea na gramu 25, kuweka gramu 50 nyumbani na kuotesha miche mitatu. Asiyeotesha hujiunga na klabu ya wakulima wa bangi, yenye wanachama wasiozidi 500. Humo anapewa hadi gramu 25 kwa siku, lakini kwa mwezi zisipite 50. Aliye chini ya miaka 21 anapata 30 tu kwa mwezi, na kiwango cha THC (kemikali ya bangi inayolevya) kisizidi asilimia 10. Tena uwe umeishi nchini angalau miezi sita, kwa hiyo mwanafunzi aliyeshuka juzi hapokelewi. Anayeuza mtaani bado ni mhalifu.

Jibu 2
Kuhusu mtazamo, msichanganye kulegeza sheria na kuisifu bangi. Waziri wa afya wa wakati huo, Karl Lauterbach, alijenga hoja kwamba marufuku imeshindwa: vijana waliendelea kuvuta, na soko la magendo liliwauzia mzigo uliochakachuliwa. Hakusema bangi ni salama. Madaktari wa watoto walipinga, chama cha polisi kikalalamika, na jimbo la Bavaria likaweka marufuku yake kwenye sherehe za bia. Hata klabu zenyewe haziruhusiwi kutangaza biashara, wala mwanachama kuvuta bangi humo ndani, na kila klabu lazima iwe na mtu aliyefunzwa kuzuia uraibu. Nchi iliyoikubali bangi kama bia isingeandika masharti hayo.

Jibu 3
Wengi hunaswa kwenye mahali pa kuvuta na kwenye usukani. Huvuti mbele ya mtoto, wala pale unapoonekana ndani ya mita 100 kutoka shule au uwanja wa kuchezea watoto. Kwenye mitaa ya waenda kwa miguu ni marufuku kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Kwa dereva, kikomo ni nanogramu 3.5 za THC kwa mililita ya seramu (majimaji ya damu). Ukizidisha, faini ni euro 500 na mwezi mzima huendeshi. Ukichanganya na pombe ni euro 1,000. Dereva aliye kwenye miaka miwili ya majaribio baada ya kupata leseni, au aliye chini ya miaka 21, haruhusiwi kabisa. Na hapa ndipo mazoea ya pombe yanapowadanganya watu: kwa mvutaji wa kila siku, THC hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa baada ya stimu kuisha. Anajiona mzima, kipimo kinamkataa.

Mwuliza swali
Shukrani wakuu. Na kazini hospitali? Na kurudi nayo likizo?

Jibu 1
Mwajiri ana haki ya kuipiga marufuku kazini, na muuguzi aliyelewa haruhusiwi kugusa mgonjwa. Kuivusha mpaka ni kosa hata ikiwa gramu moja. Akishuka nayo Nairobi, sheria ya Kenya iliyorekebishwa 2022 inasema hata ya kuvuta mwenyewe ni kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000.