Wageni wakimaliza maziwa dukani: kikomo cha kununua ni haki au ubaguzi?

Wakuu, nalileta hili hapa maana huku nyumbani tumebishana mpaka chai imepoa. Watalii wa China wakitajwa, watu hukimbilia kucheka foleni za mikoba Paris na mabasi yanayoshusha abiria Ginza, mtaa wa maduka wa Tokyo. Hayo tuyaweke kando. Kesi ngumu ni ya Hong Kong.

Mwaka 2008 iligundulika China bara kwamba maziwa ya unga ya watoto yametiwa melamini, kemikali ya viwanda vya plastiki, ili yakipimwa yaonekane yana protini nyingi. Watoto 6 walifariki, karibu 300,000 wakaugua, wengi wao mawe ya figo. Tangu hapo mzazi mwenye uwezo wa Shenzhen, mji wa China bara unaopakana na Hong Kong, hakuliamini tena kopo la duka la kwao. Akawa anavuka mpaka hadi Sheung Shui, upande wa Hong Kong, ananunua, anarudi. Nyuma yake wakaja wachuuzi. Mliowahi kuona picha za wakati ule mnajua: watu wamechuchumaa nje ya stesheni, wanapasua maboksi, wanahamishia makopo kwenye mabegi ya magurudumu, boksi tupu linatupwa palepale. Mama wa Hong Kong akifika famasi anaambiwa yameisha.

Tarehe 1 Machi 2013 serikali ya Hong Kong ikakata shauri: kila anayetoka, mwenye miaka 16 na kuendelea, mwisho kilo 1.8 kwa saa 24, yaani makopo mawili. Ukikaidi, faini hadi dola 500,000 za Hong Kong na kifungo hadi miaka 2.

Hapo mimi naunga mkono. Kilichonikera ni cha 2015. Baada ya maandamano ya Hong Kong, huko Tuen Mun, Yuen Long na Sheung Shui, ambako wageni walizomewa kwa sababu tu wanakokota masanduku, wakazi wa Shenzhen wakaondolewa vibali vya kuingia mara nyingi, wakapewa vya mara moja kwa wiki. La kwanza lilidhibiti kopo, la pili likadhibiti mtu. Na wachuuzi wengi walikuwa wakazi wa Hong Kong wenyewe! Hao kibali kiliwagusa wapi?

Mnasemaje?

Nahodha: Napinga yote mawili. Mwenye duka kafungua ili auze. Sisi wa Kariakoo tunakwenda Guangzhou, tunajaza makontena, hakuna Mchina aliyewahi kutuambia mwisho jozi mbili za viatu. Leo yeye akinunua kwa wenzake ndio awe mlanguzi?

Mwanzisha mada: Mkuu, Guangzhou wanakuuzia kwa jumla, na viwanda vinakusubiri wewe. Viatu vikiisha leo, mteja atavaa vya zamani. Mtoto wa miezi mitatu hasubiri meli ifunge gati.

Mama Wawili: Mimi niko Melbourne. Hapa kikomo hakikuwekwa na serikali, supamaketi ziliamua zenyewe: makopo mawili kwa mteja. Nimeshuhudia mtu analipa mawili, anayapeleka kwenye gari, anarudi kwenye foleni ileile kwa keshia yuleyule. Keshia anamtazama tu. Wengi si watalii, ni hawa wanaoitwa daigou, wananunua kwa oda za watu walioko China kisha wanatuma kwa posta. Kwa hiyo mwenye mada, ukitaka kikomo kishike, kiwekwe mpakani. Cha dukani ni kuchota maji kwa ungo.

Mtu wa Hesabu: Mnazungumza tabia, mimi nazungumza bei. Mtalii asiye wa Umoja wa Ulaya akinunua mkoba Ufaransa anarudishiwa sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 20. Mkoba huohuo ukiingia China unabebeshwa ushuru na kodi za huko. Nani asiyejua kupiga hesabu hiyo? Ndiyo maana mwaka 2015 Chanel ilipandisha bei Ulaya na kushusha China. Ndiyo maana Julai 2020 China ikaruhusu msafiri anayekwenda kisiwa chake cha Hainan kununua bila ushuru hadi yuani 100,000 kwa mwaka, kutoka 30,000, ili hela ibaki nyumbani. Zibeni pengo la bei, wachuuzi watatawanyika wenyewe bila askari.

Mwanzisha mada: Kwenye mikoba tuko pamoja, sina neno. Ila kwenye maziwa watu hawakufuata bei, walifuata usalama. Unamrudishiaje mzazi imani kwa kupunguza ushuru?

Mtu wa Hesabu: Hilo siwezi kulijibu kwa kikokotoo, nakubali.

Kipanga: Mngeangalia Japani. Mwaka 2022 iliripotiwa Apple Japani imedaiwa kodi ya nyongeza ya takriban yeni bilioni 13, kisa iPhone nyingi ziliuzwa bila kodi kwa watalii walioshukiwa kununua ili wauze tena. Sasa kuanzia Novemba 2026 mgeni atalipa kodi dukani, atarudishiwa akionyesha kwamba anaondoka na mzigo. Nunua utakavyo, lakini ukiuzia mtaani umeula wa chuya.

Nahodha: Hiyo ya Japani naikubali. Ila Hong Kong hamjamaliza hadithi. Desemba 2024 vibali vya mara nyingi vimerudishwa kwa wakazi wa Shenzhen, na wenye maduka wa Hong Kong wamefurahi! Kwa sababu siku hizi wanaovuka wikiendi ni wakazi wa Hong Kong: wanakwenda kula na kujaza matoroli Shenzhen, hata kwenye Costco, lile duka kubwa la Kimarekani, maana huko bei ni rahisi. Maduka ya Hong Kong yanalia wateja wamehama. Sasa mwanzisha mada, Shenzhen nao wawawekee kikomo?

Mwanzisha mada: Wakimaliza maziwa ya watoto wa Shenzhen, ndiyo, makopo mawili kila mmoja. Wakibeba mikate na kuku wa kuchoma, wacha wabebe.

Nahodha: Na nani ataamua kipi ni maziwa na kipi ni mkate? Dawa je? Barakoa za 2020 je? Jibu hilo kwanza.