Mjadala: Masasisho yakikoma, ufunguo wa simu ubaki kwa nani?

Mleta mada, Mbeya

Ndugu zangu wapenzi wa Android wa Nyanda za Juu Kusini, naomba tujadili kwa utulivu suala ambalo hutugawa kila tukikutana. Mtengenezaji wa simu au kishikwambi akishaacha kutoa masasisho, je, alazimishwe kisheria kumpa mwenye kifaa uwezo wa kufungua butiloda na kuweka mfumo mwingine, au aachwe aifunge moja kwa moja? Wapo wanaosema kuifungua ni kuwarahisishia kazi wezi na matapeli. Wapo wanaosema mali ukishailipia ni yako, na aliyekuuzia hana tena la kukuzuia. Mimi nasema alazimishwe.

Butiloda, kwa wasioifahamu, ni programu ndogo inayoamka kwanza mtu anapowasha simu, na moja ya kazi zake ni kukagua saini ya kidijitali ya mfumo kabla ya kuuruhusu uendelee. Ikiwa imefungwa, hukubali mfumo wenye saini ya kiwanda tu. Ukijaribu kuweka mwingine, simu hugoma. Kufuli hilo lina faida ya kweli, kwa sababu humzuia mtu kukuwekea kwa siri mfumo uliochezewa, na sitaki yeyote adhani naidharau faida hiyo. Tatizo langu linaanza siku kiwanda kinapoacha kutoa masasisho ya usalama huku kufuli likibaki palepale. Kuanzia siku hiyo kufuli halimlindi tena mwenye simu. Linamzuia tu asizibe matundu ambayo kiwanda chenyewe kimekataa kuyaziba.

Tutazame hali ya kwetu. Simu zinazouzwa Mwanjelwa na Kabwe, au Miyomboni pale Iringa, hazikai kwa mtu mmoja. Kijana wa mjini akinunua mpya, ile ya zamani humwendea mdogo wake anayesoma, na baadaye humfikia mama aliye Rungwe au Makete, ambaye ndiye anaitumia kupokea fedha za viazi na parachichi. Kioo kimeshabadilishwa, betri imeshabadilishwa, sehemu ya chaji imeshabadilishwa, na simu inapiga kazi bila tatizo. Lakini ukiingia kwenye mipangilio, ukashuka hadi kwenye taarifa za simu, utakuta sasisho la mwisho la usalama ni la miaka mitatu au minne iliyopita. Hivyo yule ambaye akiba yake yote inapita kwenye simu ndiye anayeishia kushika kifaa ambacho hakuna anayekilinda.

Na uwezo wa kukirefushia maisha upo. Android imejengwa juu ya msimbo uliowekwa wazi, na kiini chake, Linux, kiko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomtaka kila anayekisambaza autoe na msimbo wake. CyanogenMod, mfumo uliojengwa juu ya msimbo wa Android, ulipofungwa Desemba 2016, wapenzi waliichukua kazi ile na kuiendeleza kwa jina la LineageOS, wengi wao wakijitolea bila malipo. Simu ya Poco F1 ilitoka mwaka 2018 ikiwa na Android 8.1; kiwanda kiliishia Android 10, wapenzi wakaifikisha angalau Android 14. Waliweza kwa sababu butiloda yake inafunguka.

Njia hiyo inazidi kubanwa. Huawei ilisitisha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Xiaomi humsubirisha mwombaji, mara nyingi saa 168, na masharti yake yameongezeka tangu ilipoleta mfumo wake mpya, HyperOS. Mwaka 2025 simu mpya za Samsung zenye One UI 8, toleo lake la Android, zilikuja bila swichi ya kuruhusu butiloda ifunguliwe. Agosti mwaka huohuo Google nayo ilitangaza kwamba hata programu zisizopitia dukani kwake zitapaswa kutoka kwa watengenezaji waliothibitisha utambulisho wao, kwa kuanzia na Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Suala hilo la mwisho ni tofauti na butiloda, lakini mwelekeo ni ule ule: maamuzi kuhusu kifaa yanamtoka mwenye kifaa.

Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji waendelee kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuza modeli husika. Nataka na sisi tuwe na sharti la aina hiyo, na liende hatua moja zaidi: tarehe ya mwisho wa masasisho iandikwe kwenye boksi, na tarehe hiyo ikifika, mtengenezaji atoe ufunguo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, tayari inaidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano vinavyoingia sokoni, na Juni 2016, ilipozima simu bandia nchi nzima, ilionesha kwamba inaweza kusimamia jambo gumu. Karibuni.

Muuza simu za mkopo, Iringa

Ndugu mleta mada, salaam. Mimi nauza simu kwa mkopo, na ningependa hoja hii itazamwe pia na mtu ambaye hana laki tatu mkononi. Mteja wangu ni dereva wa bodaboda, ni mama lishe, ni kibarua wa mashamba ya chai kule Mufindi. Hana hati ya nyumba wala mshahara unaopita benki. Huweka kianzio, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki, na dhamana yangu pekee ni programu iliyomo ndani ya simu, ambayo huifunga akipitiliza siku bila kulipa. Kwenye pikipiki, kadi hubaki kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Kwenye simu, kufuli hilo ndiyo kadi yangu.

Wapo watu ambao wakishachukua simu huenda moja kwa moja kwa fundi ili programu ile ing'olewe, na hasara hiyo haimwangukii fundi wala mkopaji aliyetoroka. Inamwangukia mteja mwaminifu anayefuata, ambaye ataombwa kianzio kikubwa zaidi. Sheria ikiamuru kila butiloda ifunguke, mtakuwa mmewarudisha watu hawa kwenye viswaswadu, wakati leo wanaangalia bei ya mahindi na kusoma taarifa za shule za watoto wao kwenye simu janja. Nawaomba msiizungumzie haki ya mwenye simu kana kwamba kila mwenye simu ameshamaliza kuilipia.

Fundi, Mwanjelwa

Hoja ya ndugu yangu wa Iringa ni nzito na naiheshimu, kwa sababu simu za mkopo hufika mezani kwangu na huwa nazirudisha zilivyo. Lakini naona tunachanganya mambo matatu, na kila anayetuletea kazi huyaita yote kuflashi.

La kwanza ni kubadili IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na fundi anayefanya hivyo achukuliwe hatua. Ndiyo maana nashauri kila anayenunua simu iliyotumika abonyeze *#06#, kisha aitume namba hiyo kwenda 15090 kabla ya kutoa hela. La pili ni kuruka ile kinga iliyokuja na Android 5.1 mwaka 2015, inayodai akaunti ya mwenyewe baada ya simu kufutwa. Hiyo ndiyo kazi wanayoitafuta wezi, na haihitaji kibali cha kufungua butiloda. Hufanyika leo, sheria iwepo isiwepo.

Kufungua butiloda kwa njia ya kiwanda ni jambo la tatu, na halimfai mwizi hata kidogo. Lazima kwanza uingie ndani ya simu kwa namba ya siri ya mwenyewe, ufungue mipangilio ya wasanidi, uwashe swichi yake, kisha uunganishe waya na kompyuta na kuthibitisha kwa kitufe cha sauti. Ukithibitisha, kila kitu hufutika, kuanzia picha hadi ujumbe. Na alama hubaki: kwenye simu nyingi zenye prosesa ya MediaTek, kila unapowasha, chini ya nembo hutokea maandishi madogo yanayosema kifaa hiki kimefunguliwa na hakiwezi kuaminiwa, kisha simu husimama sekunde 5 ndipo iendelee. Mnunuzi anayejua kusoma maandishi hayo hadanganyiki.

Sasa nikugeukie wewe mleta mada, kwa sababu Poco F1 ni mfano mzuri lakini si simu ninazoletewa. Mimi naletewa Tecno, Infinix na itel. Nyingi kati ya hizo hazina LineageOS yake, hata butiloda ikifunguka. Ni kweli tangu Android 8 ya mwaka 2017, Google ilipotenganisha mfumo na draiva za kiwanda (programu zinazoendesha sehemu za simu kama kamera) kwa mpango wa Treble, naweza kuweka mfumo wa jumla, usiotengenezwa kwa modeli moja, na simu ikawaka. Lakini kuwaka ni jambo moja, na kutumika ni jingine. Kamera hutoa picha nyeusi, alama ya kidole haisomi, laini ya pili haishiki mtandao, na mteja anarudi kesho yake kudai simu yake ya awali. Ufunguo bila msimbo wa kiini na bila draiva humpa mtu nusu ya kitu. Isitoshe, programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi zikigundua butiloda iko wazi. Menyu ya *150*00# na nyingine za namna hiyo hazijali, kwa hiyo fedha za simu zinaendelea kupita, lakini mwenye kutegemea programu ya benki aambiwe ukweli kabla ya kazi, si baada.

Mwalimu, Mafinga

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilikabidhiwa kwetu walimu baada ya sensa kumalizika. Mimi hukitumia nilichopewa kuandaa masomo na kuweka kumbukumbu za wanafunzi. Hiki si changu. Ni mali ya umma, na siwezi kukipeleka Mwanjelwa kikabadilishiwe mfumo kwa utashi wangu, hata kama fundi ni mwaminifu. Siku masasisho yatakapokoma, nani atakuwa na mamlaka ya kusema kiendelee kutumika au kitupwe? Kikiwa na majina na alama za watoto ndani yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu anayekimiliki, na sioni atatimizaje wajibu huo kwa mfumo usiozibwa tena.

Kwa maoni yangu, kabla ya kuibebesha TCRA mzigo wote, tungeanza na manunuzi ya Serikali. Mnunuzi wa vifaa kwa wingi ana sauti ambayo mama wa Makete hana. Aandike kwenye zabuni miaka ya masasisho anayoitaka, na aandike kwamba miaka hiyo ikiisha, ufunguo na msimbo vikabidhiwe kwa mnunuzi.

Mleta mada, Mbeya

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Pendekezo la zabuni ni jepesi kutekelezwa kuliko langu, kwa sababu halihitaji sheria mpya, bali linahitaji afisa manunuzi anayejua cha kudai. Tena litawanufaisha na watu wa kawaida: modeli ambayo msimbo wake umetolewa kwa ajili ya shule ni modeli ile ile ambayo fundi ataikuta dukani, na anayejitolea popote duniani ataweza kuifanyia kazi.

Fundi, nakubaliana nawe kwamba ufunguo uambatane na msimbo wa kiini. Kwa hilo hatuombi fadhila, kwani leseni ya GPL inalitaka tayari. Kilichokosekana ni wa kulisimamia. Draiva ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa watengenezaji wa prosesa hudai ni mali yao ya siri, na sidhani soko letu peke yake linaweza kuwabana. Lakini tarehe ya mwisho wa masasisho kuandikwa kwenye boksi linawezekana hata kesho, na ingembadilishia mnunuzi hesabu yake yote: simu ya laki mbili inayokoma baada ya mwaka mmoja na ya laki tatu inayodumu minne si bei zile zile tena.

Ndugu yangu wa Iringa, mfano wako wa kadi ya pikipiki naukubali wote. Mkopo ukiwa hai, simu haijawa ya mteja kikamilifu, na programu ya usimamizi inaweza kuzuia mipangilio ya wasanidi isifunguke, kwa hiyo swichi ya butiloda haifikiki. Sheria ninayoipigania haikugusi katika kipindi hicho, na fundi anayeng'oa kufuli la mkopo anavunja mkataba wa watu. Lakini kadi ya pikipiki hurudishwa siku ya malipo ya mwisho, na mwenye pikipiki huondoka nayo mfukoni. Nimeona simu ambazo deni lake liliisha kitambo na programu ile bado imo, ina ruhusa zote, na mwenye simu hawezi kuiondoa. Wewe uliye ndani ya biashara hii utueleze: mteja wako akilipa shilingi ya mwisho, programu huondolewa na nani, ndani ya muda gani, na anapewa karatasi gani ya kuthibitisha kwamba simu sasa ni yake?