Tochi ya kichwani ya kuchaji kwa kambi ya Rubondo: nichukue ipi?

Mwana_Igoma

Wakuu, salaam. Tunajipanga watu wanne kwenda kupiga kambi kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, usiku tatu kwenye mahema. Nataka tochi ya kichwani ya kuchaji, nimechoka kununua betri za kutupa. Nimepita Makoroboi hapa Mwanza nikakuta za kila aina. Moja imeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10,000, nyingine lumeni 400 tu na bei yake ni mara tatu ya ile. Muuzaji anaapa hiyo ya 10,000 inamulika mpaka ng'ambo.

Bajeti yangu haizidi elfu 80. Umeme hatutakuwa nao, ila nina pawa benki ya mAh 10,000. Lumeni ngapi zinatosha? Betri iwe ya kuchomoa au iliyofungiwa ndani? Na ule mwanga mwekundu una kazi, au ni urembo tu?

FundiKirumba

Hiyo ya 10,000 iache hapo hapo mezani kwake. LED nzuri hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Lumeni 10,000 zinataka wati 70 kwenda juu. Betri moja ya 18650, ile ya lithiamu ya mviringo inayotumika kwenye tochi nyingi, hata iwe bora kiasi gani, ina wati-saa 13 hivi. Piga hesabu: ingeisha ndani ya dakika kumi na moja, na kabla ya hapo paji la uso lingekuwa limeshababuka. Ukiipima kweli utakuta lumeni mia mbili, mia tatu.

Uongo wa pili uko kwenye betri yenyewe. 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, na kwenye kopo la ukubwa huo betri nzuri za kawaida huishia mAh 3,500 hivi. Ukikuta imeandikwa 9,900, muuzaji anauza namba. Ichomoe uiweke kwenye mzani mdogo wa dijitali, kama ule wa wanunuzi wa dhahabu. Nzima ina gramu 45 hadi 50. Ikicheza kwenye 30, rudisha.

Sasa lumeni. Kusoma ramani au kutafuta soksi ndani ya hema, 5 hadi 15. Kupika na kuosha vyombo, 30 hadi 50. Kutembea kwenye njia ya mawe na mizizi, 100 hadi 200. Zaidi ya hapo ni ya kuwasha sekunde chache uangalie kitu cha mbali, kisha unashusha. Kwa hiyo ile ya 400 inakutosha na chenji inabaki. Kitu cha kuuliza dukani ni kama ina mwanga wa chini kabisa. Nyingi za bei rahisi zinaanzia kwenye mwanga wa kupofua, na ndani ya hema ni kero.

Ukikuta kwenye boksi alama ya ANSI FL1, angalau namba zimepimwa kwa utaratibu unaojulikana. Ila zisome kwa akili. Umbali unaoandikwa ni pale mwanga unapobaki 0.25 lux, yaani kama mbalamwezi. "Mita 100" maana yake mita 100 utaona kivuli. Ukitaka kutofautisha jiwe na kitu kilicho hai, gawa kwa mbili. Saa nazo huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza, kwa hiyo "saa 6 kwa lumeni 400" haina maana ya saa 6 za lumeni 400.

Mwana_Igoma

Asante sana fundi. Swali la nyongeza: jirani yangu ana moja yenye tundu la Taipu C. Ukichomeka waya wa simu wa C kwa C haiwaki hata taa ya chaji. Imekufa?

FundiKirumba

Haijakufa. Chaja ya C kwa C haitoi umeme mpaka ione kuwa upande wa pili kuna kifaa, na inakitambua kwa rezista mbili ndogo za kiloohmu 5.1 ndani ya tundu. Watengenezaji wa vitu rahisi huziruka ili kubana gharama. Tumia waya wenye kichwa kile kipana cha USB upande mmoja na C upande wa pili, itaingiza. Pawa benki yako bila shaka ina tundu hilo pana. Jaribuni nyumbani kabla ya safari, na huo waya uwe kwenye begi, usibaki kwa jirani.

Za kuchaji kwa sumaku ziepuke kwa safari. Waya wake ni wa kampuni hiyo hiyo tu. Ukipotea, tochi ni pambo.

MamaKambi_Nyegezi

Kaka, niingie kwenye betri. Iliyofungiwa ndani ni nyepesi na mara nyingi inazuia maji vizuri zaidi, lakini ikichoka, tochi yote inachoka nayo. Ya kuchomoa unabeba ya akiba, unabadilisha gizani kwa nusu dakika. Kwa usiku tatu na pawa benki, aina zote zitakutosha. Zipo pia zinazokubali pande zote mbili: Petzl Actik Core inatumia betri yake ya mAh 1,250, na ikiisha unaweka AAA tatu zinazopatikana hata duka la kijijini. Angalia tu kama bajeti inaifikia.

Hesabu ya pawa benki: hizo mAh 10,000 ni za betri za ndani. Ukishatoa kinachopotea njiani, tochi ya mAh 1,200 utaijaza mara nne hivi. Ila mkichaji simu moja ya mAh 5,000, sehemu kubwa imekwenda. Gombaneni kuhusu simu mkiwa bado nyumbani. Na baadhi ya pawa benki hujizima kifaa kikivuta umeme kidogo sana, kwa hiyo tochi ikikaribia kujaa chaji inakata. Ukikuta imeishia asilimia tisini, usihangaike.

Giza kwetu linaingia saa moja kasoro na kunapambazuka saa kumi na mbili na nusu. Ni karibu saa kumi na mbili za giza, lakini mwanga halisi utautumia saa nne au tano. Kwa lumeni 40, tochi ya mAh 1,200 iliyotengenezwa vizuri inakupeleka usiku mzima na kubaki.

Mwekundu si urembo. Macho yakishazoea giza, mwanga mweupe wa sekunde chache unayarudisha nyuma, na kuzoea tena vizuri kunachukua kama nusu saa. Mwekundu hafifu hauharibu hivyo. Pia hauwachomi wenzako macho mkiongea. Faida kubwa kwetu huku ziwani ni wale wadudu wadogo wanaotoka majini kama wingu la moshi. Hawaumi, lakini washa mweupe karibu na sufuria uone kama utakula ugali au utakula wao. Mwekundu unawavutia kidogo sana. Ukilazimika kuwasha mweupe, ivue kichwani, itundike kwenye tawi mita tatu kutoka mnapokula. Wadudu wataifuata huko.

Nyakato_Tz

Nakubaliana na dada, ila watu wasidhani mwekundu ni kinga ya mbu. Mbu wa malaria anafuata pumzi na harufu ya mwili. Chandarua na dawa ya kupaka viko pale pale.

Rubondo kuna kiboko na mamba, kwa hiyo mwekundu ni wa kukaa kambini tu. Ukitoka kwenda chooni usiku, washa mweupe. Kabla ya kuchukua hatua, zungusha kichwa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Hapa tochi ya kichwani inaizidi ya mkononi: mwanga ukitokea karibu na macho yako, macho ya mamba au ya nzohe (swala wa majini) yanaurudisha moja kwa moja kwako. Ya mamba yanawaka kama makaa mekundu. Kiboko usimtegemee macho, mwili wake ni mweusi na unameza mwanga. Usiku anatoka kula majani, na hatari yake ni kumkuta nchi kavu wewe ukiwa kati yake na maji. Hema lisikae kwenye njia zao. Askari wa hifadhi akikuonyesha pa kulala, lala hapo.

Ukungu au mvua ikianza, mwanga wa kichwani unagonga matone na kukurudia usoni, unaona ukuta mweupe. Ivue, ishike usawa wa kiuno. Vivuli vya mawe vinarefuka, mashimo unayaona.

FundiKirumba

Niongeze yanayoua tochi hizi, maana zinaletwa kwangu. La kwanza ni tundu la chaji. Kifuniko cha mpira hakikubanwa, unyevu ukaingia, mtu akachomeka ikiwa bado mbichi, miguu ya ndani ikawa ya kijani. Ikilowa, kung'uta, iache wazi kivulini mpaka ikauke kabisa. Kutu kidogo inatoka kwa mswaki laini na spiriti. IPX4 ni ya kurushiwa maji, inatosha mvua. Kama mtapanda mtumbwi tafuta IPX7, hiyo inastahimili mita moja kwa nusu saa, kifuniko kikiwa kimebanwa.

La pili ni kujiwasha ndani ya begi. Tafuta yenye kufuli ya swichi, nyingi unabonyeza sekunde tatu. Isiyo na kufuli na yenye betri ya kuchomoa, legeza kifuniko robo mzunguko. Betri ya akiba iwe kwenye kasha la plastiki, kamwe isikae mfukoni na funguo au sarafu. Ikivimba, mwisho wake huo, na msiitupe kwenye moto wa kambi.

Mwana_Igoma

Nimechukua ya 400, IPX7, tundu la C, kufuli ipo. Nimeijaribu na waya wa kichwa kipana, inaingiza. Mwezi ujao kuna wazo la kupanda Mlima Meru, itafaa?

MamaKambi_Nyegezi

Itafaa, ila kule adui ni baridi. Kupanda kilele cha mita 4,562 kunaanza usiku wa manane, na betri za lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi. Lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, ukitembea akiba iwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Usiichaji ikiwa imeganda, isubiri ipate joto kwanza. Mkiruka kutoka Mwanza kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), pawa benki na betri za akiba ziwe kwenye begi la mkononi. Na ukirudi usiihifadhi ikiwa tupu wala imejaa, iache kwenye nusu.