Naomba ushauri: kulinganisha ramani za kale za Utah na picha za setelaiti

Wakuu, naomba msaada. Ramani ni zile za USGS (shirika la jiolojia la Marekani) za miaka ya 1880, kusini mwa Utah: skeli 1:250,000, kontua (mistari ya mwinuko) kila futi 250. Vilele vya Henry Mountains vinakaa vizuri. Makorongo ya mto Escalante ndiyo yanayohama, maana palipokosa pointi za pembetatu (sehemu zilizopimwa kwa pembe) mchoraji alijazia kwa macho. Kwa skeli hii milimita 1 ni mita 250, kwa hiyo milimita 4 tu ni kilomita nzima!

Polinomia ya daraja la kwanza (hesabu inayoisogeza ramani yote kwa pamoja; pointi 3 za kuilinganisha na picha ndiyo mwisho wa chini) inarekebisha mzunguko na kusinyaa kwa karatasi, lakini makorongo yanabaki pembeni. Splaini (inayoikunja ramani ipite kwenye kila pointi) inayavuta mahali pake, ila kosa linasoma sifuri kwenye kila pointi, namba isiyo na maana, na kontua za katikati zinapinda ovyo. NAD27 (mfumo wa marejeo ya vipimo wa Amerika Kaskazini wa 1927) nayo sioni kama ni suluhisho; ramani hizi ziliitangulia.

Waliowahi kuzishughulikia: mnaikata karatasi kwa mabonde, au mnafunga vilele na kuyaacha makorongo yalivyochorwa? Na pointi za majaribio (za kupimia kosa tu, zisizotumika kulinganisha) mnatenga ngapi?