Kubuku muda wa ukaguzi uwanja wa ndege, PreCheck, CLEAR au kuwahi tu? Naomba ulinganisho

Kibegi_Chekundu
Wakuu, habari za humu. Mwezi ujao tunasafiri watu wanne: mimi, mama watoto, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 9. Tunaondokea Seattle, Marekani, kurudi tunaanzia Amsterdam. Safari iliyopita foleni ya ukaguzi ilitutoa jasho. Tuliingia ndegeni watu wa mwisho kabisa, mdogo analia, mimi mkanda wa suruali bado nimeushika mkononi.

Nimesikia kuna kubuku muda wa ukaguzi mtandaoni, Seattle wanauita SEA Spot Saver. Kuna TSA PreCheck ya mamlaka ya ukaguzi Marekani, kuna CLEAR ya kampuni binafsi, halafu ile ya miaka yote ya kuwahi masaa matatu na kuvumilia. Kwa familia ipi inafaa? Wajibu waliotumia tafadhali, matangazo nimeshayasoma.

Mzee_wa_Dirishani
Mkuu, tuanze na cha bure. Unaingia kwenye tovuti ya uwanja, unajaza namba ya ndege, siku na idadi yenu, unachagua kipindi, tuseme 10:30 hadi 10:45. Unatumiwa msimbo wa QR kwenye barua pepe. Siku ya safari unatafuta mlango wenye kibao cha huduma hiyo, unaskani, mnaingia. Hailipiwi hata senti.

Na si Seattle peke yake. Toronto wanaita YYZ Express, Frankfurt ni FRA SmartWay, Berlin ni BER Runway, na Schiphol kule Amsterdam nao wanayo. Kwa hiyo hata kurudi unaweza kubuku. Ila usikurupuke leo: sehemu nyingi nafasi hufunguliwa siku chache tu kabla ya ndege, Toronto kwa mfano ni masaa 72. Weka kengele kwenye simu, maana saa za asubuhi hukimbiliwa.

Jambo moja watu hawalielewi, halafu wanalalamika. Unachobuku ni nafasi kwenye foleni. Ukaguzi wenyewe haubadiliki. Ukishapita kile kibao, mashine ni zile zile na maofisa ni wale wale. Begi lako likivutwa pembeni, utasubiri kama mwingine yeyote.

MamaMapacha
Kwa wenye watoto hiyo ya kubuku ndiyo yenyewe. Msimbo mmoja, familia nzima. Nyie msio na watoto hamjui maana ya kuwa katikati ya zile kamba, nyuma watu sitini, mbele watu sitini, na mtoto anakwambia "mama, mkojo".

Mkongwe_wa_Geti
Ngoja niitetee PreCheck kidogo, maana ninayo mwaka wa saba sasa, nimeshahuisha mara moja.

PreCheck ni uanachama wa miaka 5. Unaomba mtandaoni, unaenda kuchukuliwa alama za vidole, unachunguzwa, ukipita unapewa namba ya kuweka kwenye tiketi. Ukisahau kuiweka, siku hiyo wewe ni abiria wa kawaida, usije kugombana na mtu. Faida yake iko kwenye ukaguzi wenyewe: laptopu inabaki ndani ya begi, vimiminika vinabaki, mkanda na jaketi jepesi huvui. Na ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Hao ndio wanaoweza kuomba.

Kwa watoto wako hesabu iko hivi. Wa miaka 9 anapita na mzazi mwenye PreCheck bila shida, kwa sababu hajazidi 12. Wa miaka 14 naye anaweza kupita, lakini mpaka awe kwenye tiketi moja na mzazi na pasi yake ya kupandia iwe na alama ya PreCheck. Angalia hiyo pasi mkiwa nyumbani. Na mama watoto lazima awe na uanachama wake, hapiti kwa mgongo wako.

Majibu wengi huyapata ndani ya siku 3 hadi 5, lakini wengine husubiri hadi siku 60. Kwa safari ya mwezi ujao hiyo ni bahati nasibu.

Tena Amsterdam hiyo namba haina kazi. Ni mambo ya Marekani.

Mwendo_Pole
@Mkongwe_wa_Geti umesahau viatu. Tangu Julai 2025 hata foleni ya kawaida Marekani watu hawavui viatu. Kwangu mimi nusu ya utamu wa PreCheck ilikuwa pale. Anayesafiri mara moja kwa mwaka simshauri.

Mkongwe_wa_Geti
Nusu ni nyingi mkuu. Robo.

Jicho_Moja
CLEAR nilikuwa nayo, nikaiacha. Inalipiwa kila mwaka, na kazi yake ni kukurusha foleni ya kuonyesha kitambulisho, kwa jicho au uso. Baada ya hapo begi lako linakaguliwa kama la wengine. Watoto chini ya miaka 18 wanaingia na mwanachama bure, hilo nalisifia. Lakini kwa familia ya safari moja, hapana.

Watu pia wanachanganya: baadhi ya hizi huduma za kubuku za bure zinaendeshwa na kampuni hiyo hiyo ya CLEAR. Huhitaji kuwa mwanachama. Ukiona unaombwa kadi ya benki, umebofya sehemu nyingine.

Mzigo_Mzito
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: mna mabegi ya kupakia?

Mimi nilibuku muda mzuri sana, wa mapema. Tukafika, kaunta ya shirika langu ya kupokea mabegi haijafunguliwa. Nimesimama na mabegi mawili ya kilo 23, muda wangu unayoyoma pale ukutani kwenye saa, na kule kwenye ukaguzi siwezi kwenda nayo. Kaunta imefunguliwa, muda ushapita. Tukaenda foleni ya wote.

Tangu siku hiyo naanza na saa ya kaunta kufunguliwa, naongeza dakika za kupanga foleni ya mabegi na za kutembea, ndipo nachagua kipindi. Mwenye begi la mkononi tu hana hii kazi.

Saa_Sita_Kamili
Yangu ni aibu lakini nasema ili msirudie. Ndege ilikuwa 16:10. Kichwani nikataka kukaguliwa saa saba na nusu mchana. Mtandaoni nikabofya 07:30. Nimefika mchana na familia, nimenyoosha simu kwa madaha, taa nyekundu. Dada wa pale akaniambia muda wangu ulipita masaa sita yaliyopita.

MamaMapacha
😂😂 Jina lako linajieleza.

Kiti_cha_Nyuma
Mimi nawahi tu. Kitabu, chai, nakaa. Hizi QR zikigoma je?

Mzee_wa_Dirishani
@Kiti_cha_Nyuma kuwahi kuna mwisho wake. Kumbuka Schiphol mwaka 2022, wafanyakazi wa ukaguzi walikuwa wachache na foleni zikatoka nje ya jengo hadi kwenye mahema. Kila mtu aliwahi, na kuwahi kwenyewe kukaongeza msongamano, hadi uwanja ukawaomba abiria wasifike zaidi ya masaa manne kabla ya ndege. Septemba mwaka huo mkuu wa uwanja, Dick Benschop, alijiuzulu. Ndiyo maana kutawanya watu kwa saa kuna mantiki hata kwa uwanja wenyewe.

QR ikigoma unaenda foleni ya kawaida. Hujapoteza kitu, mradi hukujiachia ukafika dakika za mwisho kwa kuitegemea.

Kibegi_Chekundu
Nashukuru sana. Na nikibuku halafu ndege ikasogezwa mbele?

Mzee_wa_Dirishani
Futa, chukua kipindi kingine kama kimebaki. Kufuta ni uungwana pia, nafasi anapata mwingine.

Kibegi_Chekundu
MREJESHO. Tumerudi salama.

Kwenda, tulibuku 10:45. Mabegi tuliyakabidhi mapema, tukabaki na muda wa kukaa, tukaingia wanne kwa msimbo mmoja. Mkanda nilivaa kabla ya kuondoka pale mashineni, wazee.

Kurudi nilisahau kuweka kengele. Nilipofungua, saa tulizozitaka zilikuwa zimejaa. Tukaenda foleni ya kawaida kwa unyonge, na ilikuwa fupi. Kilichotuchelewesha ni begi la binti kuvutwa pembeni: chupa ya maji imejaa pomoni, alikuwa ameisahau chini kabisa.

@Saa_Sita_Kamili, ile 10:45 nilimwambia mama watoto saa tano kasorobo. Akaniuliza, "Asubuhi au usiku?"