Kibweta kilichoachia pembe na kete za sataranji: nianze na kipi?

Mwanagenzi_Langoni
Assalaam alaykum mafundi. Najifunza useremala jioni hapa Lamu, nina mashine ndogo ya kukereza ya kuweka mezani, sentimita 30 kati ya ncha na ncha. Kazi ni mbili. Moja ni kibweta cha msaji chenye njumu za shaba, urefu sentimita 40. Pembe mbili zimeachia, kifuniko kinakwama, misumari miwili ya chuma imeacha madoa meusi, na kidroo cha ndani kina vitundu vinavyomwaga unga. Ya pili, nataka kukereza seti kamili ya sataranji. Askari wanne wa kwanza, wa mkoko, wamepasuka wote ndani ya siku tatu. Nianze na kipi, na nitumie mti gani? Mpingo bei haishikiki.

FundiKasha
Waalaykum salaam. Anza na kibweta, na kabla ya gundi shughulika na wadudu. Moyo wa msaji hauliwi kirahisi, kwa hiyo huenda kidroo ni cha mti mwingine laini, au kina kipande cha mbao ya nje ya msaji, ile ya karibu na gome. Kigonge kidogo juu ya karatasi nyeusi, kifute, kiache hapo wiki moja. Ukikuta vichungu vipya vya unga, wamo hai. Kitie kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, ziba kwa utepe, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. (Mwenye friza ya samaki atakuuliza maswali. Mjibu kwa upole.) Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili. Joto letu na mbao baridi huzaa umande, na umande utakuletea kazi mpya.

Pembe: tia tone la maji ya moto kwenye gundi ya zamani. Ikianza kunata, ni gundi ya ngozi, nayo ndiyo rahisi kufungua. Ingiza maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo kwa sindano, ngoja dakika kumi, kisha penyeza kisu chembamba. Nyundo iache ilipo. Kwangua mpaka uone mbao tupu, kwa sababu gundi nyeupe hushika kwa kuingia kwenye nyuzi za mbao, na juu ya gundi kuukuu haina pa kuingia. Ndiyo maana viungo vingi vilivyotengenezwa juu juu huachia tena msimu ukigeuka. Ukishapaka gundi, kaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ukizungusha kibweta chote, halafu pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, mara mbili. Vipimo vikipishana hata milimita mbili, sanduku limekaa mshazari na kifuniko hakitalala sawa. Nyoosha kabla gundi haijakauka, kisha liache saa 24.

Kifuniko usikipige randa bado. Masika na kusi vinavimbisha mbao, kaskazi inaikausha. Ukiranda mwezi wa Juni, Januari utaona mwanya. Kwanza tazama bawaba kama zimelegea au kupinda. Kisha paka chaki ukingoni, funga, fungua. Pale chaki ilipohamia ndipo panapogusa, na hapo tu ndipo pa kupunguza, kwa msasa.

Madoa meusi ni chuma kilichokutana na tanini, ule ukakasi wa asili uliomo kwenye mbao, pamoja na unyevu. Badilisha misumari hiyo uweke ya shaba. Njumu usizing'oe, vijiti vyake vikikatikia ndani hutavipata. Zisafishe kwa ukwaju, dakika mbili tatu, futa kwa kitambaa kibichi, kausha. Ukiuacha ukwaju saa nzima, asidi hula zinki iliyochanganywa ndani ya shaba, na shaba inabaki na mabaka ya waridi.

Mkereza_wa_Shela
Mimi nijibu ya sataranji. Mkoko wako ulikuwa mbichi, na naona ulikereza boriti nzima na kiini chake katikati. Mti ukikauka hunywea zaidi kufuata duara kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili. Kipande chenye kiini ndani hakina pa kupumulia, kinapasuka. Pasua gogo kupitia kiini, toa vipande vya mraba pembeni, ziba ncha zote mbili kwa nta ya mshumaa, weka kivulini penye upepo. Pima uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari.

Kwa kete nyeupe tafuta mlimau au mndimu wa zamani unaokatwa shambani: mgumu, rangi ya manjano hafifu, nyuzi zimebana, ukingo mwembamba haumeguki. Mpera pia unafaa. Nyeusi tumia mti huohuo uupake rangi. Loweka kiganja cha nyuzi za chuma kwenye nusu lita ya siki siku nne au tano, kifuniko kikiwa kimelegea kwa sababu gesi inatoka, halafu chuja. Lowesha kete kwa maji, ziache zikauke, piga msasa namba 400. Paka chai ya rangi iliyokolea sana, kausha, kisha siki yako. Bila tanini ya chai, mlimau utakuwa kijivu cha majivu tu.

Vipimo vya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kwa urefu: mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5, askari 5. Kitako kiwe asilimia 40 hadi 50 ya urefu. Askari mwenye kitako cha 2.5 na mfalme wa 4 watakaa vizuri kwenye mraba wa 5.5.

Kila askari akatwe kwenye kipande cha 3 × 3 × 8. Kata vipande 20 ili uchague 16. Vyote vifanye duara kwanza, ndipo urudi kwenye umbo. Tengeneza kigezo cha plaiwudi chenye alama za kitako, shingo, kola na kichwa, ukiguse kwenye mbao inayozunguka na penseli. Kwenye kila alama ingiza patasi ya kukatia mpaka kalipa, kile kipimo cha unene, ipite: kitako milimita 25, shingo 10, kola 17, kichwa 15. Halafu unaunganisha mabonde hayo kwa bobari (patasi yenye makali ya mviringo), siku zote ukitoka penye unene kwenda penye wembamba. Ukipanda kinyume, nyuzi zinanyanyuka na patasi inarushwa. Kichwa kiwe upande wa mkia wa mashine na ukimalize mwanzo, ili unene ubaki upande wa mota. Ukianza na shingo, kete itatetemeka na utaona mistari kama ya skrubu.

Egemeo la patasi liwe milimita tatu kutoka kwenye mbao, uizungushe kwa mkono mara moja kabla ya kuwasha. Kikoi chenye ncha zinazoning'inia, mikono ya kanzu, mtandio, vyote vikae mbali.

Bi_Msasa
Nyongeza mbili. Mpingo, hata ukiupata, vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu miti yote ya jamii yake ya Dalbergia, umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kabla ya kumuuzia mgeni wa kusafiri nao, ulizia vibali.

La pili, umbo la Staunton, lile la kete za kawaida za leo, lililosajiliwa London mwaka 1849, linakerezeka sehemu kubwa, lakini kichwa cha farasi ni cha kuchonga, na vichwa vinne ndivyo vinavyowavunja watu moyo. Kuna njia ya zamani zaidi. Kete nyingi za kale za sataranji za nchi za Kiislamu zilikuwa hazina sanamu: farasi ni mnara mfupi wenye nundu moja mbele, na anayesimama leo kama askofu alikuwa tembo mwenye nundu mbili. Hapo unakereza, unachonga kwa tupa, umemaliza. Ukitaka wa Staunton, kereza kitako peke yake, chonga kichwa peke yake nyuzi zikiwa wima, unganisha kwa kijiti cha milimita 8.

Mwanagenzi_Langoni
Shukran sana. Na uzito? Kete za mlimau naziona nyepesi, upepo wa baraza utaziangusha.

Mkereza_wa_Shela
Toboa kitako shimo la milimita 16, kina 12, kabla ya kukereza umbo. Kwa askari lisizidi milimita 12, ukuta usiwe mwembamba. Tumbukiza vipande vya chubwi za risasi za nyavu na uzibe kwa epoksi. Gundi nyeupe usiitumie hapo, mvuke wake wa asidi huozesha risasi, risasi inavimba na kupasua kete. Usiyeyushe risasi nyumbani, na unawe mikono. Kama huitaki kabisa, nati za chuma zinatosha.

Bi_Msasa
Na mahameli ya chini ibandikwe mwisho kabisa, baada ya mafuta ya kung'arishia kete kukauka. Ukiibandika mapema inanyonya mafuta, nayo yanachora duara kwenye ubao.